Gauni la Magunia: Kisa cha Kansas, 1959

Katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, jijini Washington, kumehifadhiwa gauni lililoshonwa mwaka 1959 kwa magunia ya chakula cha mifugo. Aliyelishona ni mwanamke wa Caldwell, mji mdogo wa kusini mwa Kansas ulio karibu kabisa na mpaka wa Oklahoma. Alilishona kwa ajili ya shindano la ushonaji wa magunia ya pamba, lililodhaminiwa na Baraza la Taifa la Pamba pamoja na Chama cha Watengenezaji wa Mifuko ya Kitambaa. Caldwell imo katika Kaunti ya Sumner, ambako ngano hulimwa kwa wingi kiasi kwamba wenyeji huiita kaunti yao makao makuu ya ngano duniani.

Mwaka huo ndio unaonisimamisha. Lingekuwa gauni la 1932, kusingekuwa na la kuuliza: miaka ile bei ya ngano ilianguka chini ya senti 50 kwa busheli, yaani kilo 27 hivi, na mkulima aliyevuna vizuri alirudi nyumbani na deni lilelile. Mtu akivaa gunia wakati huo tunajua sababu. Lakini 1959 Marekani ilikuwa imeshiba. Vitambaa vilijaa madukani, magauni ya kiwandani yalikuwa ya bei nafuu, na vijiji vingi vya wakulima vilikuwa vimeshapata umeme. Kwa nini basi mtu akae na mkasi wake kuchana magunia? Na kwa nini wenye viwanda watoe fedha zao kumzawadia mshonaji bora?

Kabla ya kujibu, inabidi kujua gunia lenyewe lilitoka wapi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 unga wa ngano ulisafirishwa kwenye mapipa ya mbao. Pipa moja lilibeba pauni 196, karibu kilo 89. Gunia la kitambaa halikuaminika, kwa sababu mshono wa mkono ulifumuka njiani. Cherehani ndiyo iliyobadilisha mambo. Elias Howe alipata hataza yake mwaka 1846, Isaac Singer akafuata mwaka 1851, na baada ya hapo ukapatikana mshono ulioweza kuhimili uzito. Magunia yakachukua nafasi ya pipa taratibu, lakini kipimo cha pipa kikabaki kama kivuli: gunia la pauni 98 lilikuwa nusu pipa, la 49 robo, la 24 na nusu thumuni. Vipimo hivyo vya ajabu vilidumu hadi karne ya 20, na havieleweki mpaka ulikumbuke pipa.

Kitambaa cha pamba kilichofumwa imara, kikabeba unga mara moja tu, hakikuwa cha kutupwa. Wanawake wa mashambani walianza kukitumia mapema: mataulo ya jikoni, shuka, nepi, foronya, nguo za ndani. Tatizo lilikuwa maandishi. Kila kiwanda kilipiga jina lake na picha yake kwa wino mzito, na kuufuta kulihitaji kazi: gunia lilipakwa mafuta ya nguruwe au mafuta ya taa, likalala hivyo usiku kucha, kisha likafuliwa kwa sabuni kali na kuchemshwa. Wino wenyewe haukuondoka wote kila mara. Ndiyo maana yako masimulizi mengi ya watoto waliovaa chupi zenye jina la kiwanda cha unga limeandikwa nyuma.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza magunia haya yalivuka hata bahari. Unga wa msaada ulipopelekwa Ubelgiji, wanawake wa huko waliyatarizi magunia matupu wakayauza au wakayarudisha Marekani kama shukrani, na mengi yamehifadhiwa katika maktaba ya Rais Herbert Hoover huko Iowa. Magunia yalihesabiwa moja moja, kwa kuwa pamba ilitumika pia kutengeneza baruti na hakuna aliyetaka ifike mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba hata kabla ya 1920 gunia tupu lilikuwa mali.

Sasa tufike kwenye masimulizi yanayopendwa kuliko yote kuhusu jambo hili. Husemwa kwamba wakati wa ufukara wa miaka ya 1930, wenye viwanda vya unga vya Kansas waliona akina mama wakiwavisha watoto magunia, wakaingiwa na huruma, wakaanza kufungasha unga kwenye kitambaa cha maua ili watoto wasione haya shuleni. Ni hadithi tamu, na sehemu yake ni kweli: maua yalikuwepo, na lebo zilibadilishwa zikawa za karatasi au za wino unaotoka kwa maji. Mpangilio wa miaka ndio unaokataa. Ombi la hataza ya gunia lililotengenezwa kwa kitambaa cha kushonea lilipelekwa na Asa T. Bales mwaka 1924, kwa ajili ya kampuni ya George P. Plant Milling ya St. Louis, iliyouza unga wenye nembo ya msichana aliyevaa gauni la mirabaraba. Gunia la unga huo nalo likawa la mirabaraba. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, ndipo ufukara ulipoanza. Kwa hiyo wazo lilikwishakuwepo miaka mitano kabla ya ufukara unaosemwa kulizaa.

Bales na wenzake walikuwa wafanyabiashara. Walitazama kilichokuwa kikifanyika majumbani, wakaona kwamba unga wa kiwanda hiki na wa kile haukutofautiana sana, lakini gunia lingeweza kutofautiana. Mkono mtupu haulambwi, na wao waliujaza mkono wao maua. Ushindani ukawa mkali kiasi kwamba kampuni za magunia, kama Bemis Brothers iliyoanzia St. Louis na Percy Kent ya Kansas City, zilitafuta wachoraji wa kubuni nakshi mpya za kila msimu. Yakatoka magunia yenye mchoro wa mwanasesere wa kukata na kujaza pamba, mengine yenye pindo tayari la foronya.

Simlaumu mtu kwa hilo. Kinachonikera kwenye hadithi ya huruma ni kwamba inamgeuza mwanamke wa shambani kuwa mpokea sadaka, wakati ukweli ni kwamba alikuwa mteja, tena mteja aliyewatesa wauzaji. Wenye maduka ya chakula cha mifugo walilalamika kwamba watu hawaulizi tena ubora wa chakula, wanauliza rangi ya gunia, na lile wanalolitaka huwa ndilo lililo chini kabisa ya rundo.

Hapa ndipo kisa kinapogusa shamba la ngano lenyewe, na ndipo penye utamu wake. Mtu anaweza kushangaa: familia inayolima ngano inanunuaje unga? Jibu ni kwamba ngano ya Kansas haikukaa nyumbani. Ilivunwa, ikapelekwa moja kwa moja kwenye ghala kubwa kando ya reli, ikawa fedha. Fedha hiyo iliingia mara moja kwa mwaka, mwezi wa Juni au Julai, nayo ilikuwa na wenyewe: benki, muuza mafuta ya trekta, mbegu, kodi ya ardhi. Ikabaki nyumba ya kulishwa na kuvishwa miezi kumi na miwili. Kazi hiyo ilibebwa na fedha nyingine kabisa, fedha ya mayai na malai, iliyokuwa chini ya mama wa nyumba. Kila wiki mayai yalipelekwa dukani, yakarudi kama sukari, chumvi, uzi na vifungo.

Basi gunia la maua lilitua kwenye mpaka wa mifuko hii miwili ya fedha. Chakula cha kuku kilinunuliwa ili mayai yapatikane, na gunia lake likawa nguo. Mume ndiye aliyekwenda na gari mjini, lakini alikwenda na kipande cha kitambaa mfukoni na agizo la kurudi na kinachofanana nacho. Siku hizo mwanamume mwenye ekari mamia za ngano angeweza kuonekana amesimama katikati ya ghala analinganisha maua. Mke alikuwa ameamua ununuzi bila kuondoka jikoni. Watengenezaji wa magunia walilielewa hili mapema kuliko wanahistoria wengi.

Kulinganisha maua kulikuwa na hesabu yake. Gunia la pauni 100, yaani kilo 45, likifumuliwa na kufunguliwa hutoa kitambaa cha karibu mita moja kwa upana na zaidi kidogo ya mita moja kwa urefu. Gauni la mtu mzima lilihitaji kama magunia matatu ya nakshi moja. Kuku anayetaga hula takribani robo pauni kwa siku. Kuku mia moja wanakula pauni 25. Kama nusu ya chakula chao ni nafaka ya shambani na nusu ni ya kununua, gunia moja linakwisha kwa siku nane hivi. Magunia matatu ni zaidi ya wiki tatu, na katika wiki hizo tatu mwenye duka anaweza kuwa ameleta shehena nyingine yenye nakshi nyingine. Ndiyo maana akina mama walibadilishana magunia: wewe una mawili ya waridi la bluu, mimi ninalo moja, nipe lako la mistari. Mabadilishano haya yalifanyika kwenye vikao vya kanisa na kwenye vikundi vya akina mama vilivyoongozwa na maafisa wa ugani wa maarifa ya nyumbani, huduma iliyoenea nchi nzima baada ya sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914.

Halafu kuna majira. Ngano ya Kansas hupandwa Septemba na Oktoba. Huota kama majani mafupi, hulala kipindi cha baridi, huamka Machi, na kusini mwa jimbo, huko Sumner, huwa tayari kuvunwa katikati ya Juni. Juni hakuna anayegusa cherehani. Zamani za mashine za mvuke za kupura, kundi la wanaume lilihama shamba hadi shamba, na mama wa kila shamba aliwalisha wote. Kombaini ilipoingia kwa wingi miaka ya 1920 na kuendelea, idadi ya walaji ilipungua, lakini haraka haikupungua, kwa kuwa mvua ya mawe ya alasiri moja inaweza kufuta mwaka mzima. Julai na Agosti mboga na matunda huiva yote kwa pamoja na lazima yafungwe kwenye chupa. Katikati ya msukosuko huo, mwishoni mwa Agosti, nguo za shule zinatakiwa.

Vifaranga nao wana majira yao. Walinunuliwa mwisho wa baridi na mwanzo wa machipuko, wakala chakula cha dukani kwa wingi machipuko yote. Kwa hiyo magunia yalirundikana Machi hadi Juni, hasa wakati ambapo nafasi ya kushona haikuwepo. Mtu asiyetazama kalenda hii ataona ushonaji wa magunia kama jambo la kuokoteza: gunia likimwagwa linashonwa. Kwa kweli lilikuwa jambo la kupanga miezi kadhaa mbele. Magunia yalifumuliwa, yakafuliwa, yakapigwa pasi, yakakunjwa na kutengwa kwa nakshi, yakangoja. Yaliyotimia matatu yaliwekewa gauni. Yaliyobaki mawili yakawa shati la mvulana au aproni. La peke yake likawa pazia la dirisha dogo, ama likaingia kwenye viraka vya mfarishi.

Mifarishi ndiyo iliyokuwa kazi ya Januari na Februari, shamba likiwa limeganda na ngano imelala. Hapo familia nzima iliingia. Watoto walipewa kufumua. Gunia lilifungwa kwa mshono wa mnyororo. Ukikata uzi upande sahihi ukavuta, mshono wote unafunguka kwa mvuto mmoja, na ukikosea upande utakaa unachokoa mpaka usiku. Uzi haukutupwa: ulizungushwa kwenye bonge na kutumika kufuma kwa sindano ya kroshia au kushonea mifarishi ileile. Bibi alikata viraka kwa kielelezo cha karatasi ngumu. Anayeutazama mfarishi wa namna hiyo leo anaweza kusoma vyakula vilivyonunuliwa mwaka mzima, kama angejua nakshi ipi ilikuwa ya unga na ipi ya kuku.

Vita Kuu ya Pili iliupa ushonaji huu heshima ambayo haikuwa nayo. Magunia ya juti yalitegemea nyuzi za Bengal, na vita vya Pasifiki vilipovuruga safari za meli, na jeshi kuhitaji juti kwa magunia ya mchanga, pamba ikachukua mzigo. Wakati huohuo Bodi ya Uzalishaji wa Vita ilitoa agizo la L-85 mwaka 1942, likibana kiasi cha kitambaa kinachoingia kwenye nguo za wanawake za kiwandani: urefu wa sketi, upana wa pindo, mikunjo. Gunia la chakula cha kuku lilihesabiwa kuwa kifungashio, si nguo, hivyo mama wa shambani aliweza kushona sketi yenye mikunjo ambayo mwanamke wa mjini asingeipata dukani. Bodi hiyohiyo ndiyo iliyosawazisha vipimo vya magunia mwaka 1943, yakawa ya pauni 2, 5, 10, 25, 50 na 100, na mabaki ya pipa yakazikwa hapo. Kwa mshonaji, kusawazisha huku kulikuwa baraka, maana kielelezo kilichotoshea gunia moja kilitoshea na jingine.

Tulipofika hapa jibu la swali la kwanza linaanza kujitokeza. Mwanamke wa 1959 hakuwa anashona kwa sababu ya ufukara wa 1932. Nyuma yake kulikuwa na miaka thelathini na zaidi ya kuchagua, kubadilishana na kujivunia, na katikati yake miaka michache ambapo gunia lilikuwa la kizalendo. Nakshi zilifanana na za dukani, maana mara nyingi zilitoka kwenye viwanda vilevile. Aibu ilikuwa imetoka pamoja na wino. Ustadi ulibaki, na ustadi unatafuta mahali pa kuonekana.

Swali la pili, la wadhamini, lina jibu kavu zaidi: karatasi. Baada ya vita, mifuko ya karatasi ya tabaka kadhaa ilikuwa rahisi kuliko pamba, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 ilikuwa imechukua zaidi ya nusu ya soko lililokuwa la magunia ya pamba. Mwenye kiwanda cha chakula cha mifugo hakuwa na sababu ya kulipia maua, isipokuwa mteja akidai. Kwa hiyo watengenezaji wa magunia na wakulima wa pamba wa kusini walimgeukia mteja. Walichapisha vijitabu vya bure vya mitindo, wakaonyesha jinsi ya kupanga vipande vya kielelezo juu ya gunia lililofunguliwa bila kupoteza hata upana wa kidole, wakaandaa mashindano kwenye maonyesho ya kilimo. Gauni la Caldwell lilizaliwa na kampeni hiyo. Ni kazi ya mikono ya mwanamke mmoja, na pia ni tangazo la biashara iliyokuwa inazama. Sioni haja ya kuchagua moja kati ya hayo.

Kampeni ilishindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 gunia la pamba la chakula cha mifugo lilikuwa karibu limetoweka. Kwa kawaida karatasi ndiyo hubebeshwa lawama yote, na bei yake kweli ilikuwa na nguvu. Mimi naona sababu iliyo karibu zaidi na mlango wa nyuma wa nyumba. Gunia la maua lilidumu kwa sababu ya mtu mmoja mwenye fedha yake ndogo na sauti katika ununuzi mmoja, na fedha hiyo ilitagwa na kuku wake. Miaka ya 1950 ufugaji wa mayai ulikuwa unahamia kwenye mabanda makubwa ya watu wachache, waliopelekewa chakula kwa lori bila gunia la aina yoyote. Mkate nao ulinunuliwa umeokwa, unga ukaingia jikoni kwa pakiti za pauni 5. Familia ya ngano iliendelea kulima ngano, tena nyingi kuliko mwanzo, lakini ile biashara ya pili, ya wiki kwa wiki, ilikuwa inafungwa shamba moja baada ya jingine. Baraza la Pamba lingeweza kutoa zawadi kwa gauni bora na kusambaza vijitabu mpaka kijiji cha mwisho. Banda la kuku lilipobaki tupu, hakukuwa na mtu wa kwenda dukani na kipande cha kitambaa mfukoni, na kwa hilo Baraza halikuwa na shindano la kuandaa.